Mkwe Nyuma ya Goli

Mpira uko mikononi mwa Atuganile. Hapo ndipo tulipomwacha, na hapo ndipo tunamkuta, maana binti wa watu hawezi kusimama hivyo wiki nzima.

Magoli kumi na tisa kwa kumi na tisa. Fainali ya vyuo vya ualimu kanda nzima, na uwanja wa chuo cha Isyeto umejaa mpaka watu wamepanda juu ya mapipa. Mbele yake beki wa Mbeya, mrefu kama nguzo ya simu. Juu yake ringi. Na nyuma ya mlingoti wa goli, mahali ambapo sasa hivi palikuwa na nyasi tu, imesimama kanzu nyeupe pee.

Ndani ya kanzu yumo Mzee Salimu wa mitumba. Baba mzazi wa Hasheem.

"Piga," Sekela akanong'ona pembeni yake. "Atu, piga. Unangoja embe liive?"

Netiboli inakupa sekunde tatu. Ukishadaka, rusha au toa pasi, la sivyo filimbi. Siku nyingine zote, sekunde tatu kwa Atuganile ni mchana mzima. Leo ziliisha kabla hazijaanza.

Kama ndiyo kwanza umelishika gazeti hili, sogea nikudokeze upesi. Atuganile ni mfungaji na nahodha wa Isyeto, mtoto wa wakulima wa chai wa Suma, msichana asiyecheka. Wenzake wanamwita Mama Mkuu. Huamka kabla ya kengele, huenda uwanjani peke yake na ukungu umelala chini hata ringi haionekani, halafu anarusha tu na kusikiliza. Nyavu zikilia, amefunga. Zisipolia, anaenda kuutafuta mpira kwenye majani na umande wake.

Hasheem ni mtoto wa mjini Tukuyu, golikipa wa timu ya wavulana. Huchelewa hata mazoezi aliyoyaitisha mwenyewe. Suruali ina mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Na anaongea, jamani. Anaongea na mpira, anaongea na mlingoti, anaongea na mshambuliaji wa timu pinzani mpaka mwenzake anacheka na kupiga nje. Muhula wa kwanza Atuganile hakuweza hata kukaa naye meza moja bwaloni. Muhula wa pili akaanza kukosa magoli kila Hasheem akisimama pembeni ya uwanja, na hakujua kwa nini. Sisi tulijua.

Wiki mbili zilizopita kijana akamwuliza, nyuma ya jiko la chuo, kwa mara ya kwanza bila utani: "Atu, utaolewa na mimi?" Na yeye akajibu kama anavyojibu mambo yote: "Nitakujibu baada ya fainali."

Sasa Hasheem kwa uchizi wake akaenda sokoni, akamfungia baba yake duka, akamleta aje asikie jibu mwenyewe.

Haya. Turudi kwenye sekunde tatu.

Kuna jambo ambalo mtoto wa kike wa Kinyakyusa hafundishwi darasani. Baba wa mwanamume wako haonwi. Ukikutana naye njiani, unaingia migombani. Humtazami, hakutazami, jina lake halipiti mdomoni mwako. Wenyewe wanaita ukutila, na ni heshima, siyo chuki. Atuganile aliona mama yake akifanya hivyo kwa babu, akaona shangazi zake wakifanya, miaka yote, mpaka likamwingia kwenye miguu.

Na sasa miguu haikumwuliza. Hakuna posa iliyoletwa, hakuna jibu lililotolewa, lakini magoti yalikunjika yenyewe. Mfungaji hatari wa kanda nzima aligeuka, akachuchumaa nyuma ya beki wa Mbeya, akavuta jezi juu mpaka ikamfunika kichwa, akabaki pale na mpira katikati ya mapaja kama kuku anayeatamia.

Filimbi.

Wanafunzi hawakuelewa. Watu wa Mbeya hawakuelewa. Beki alijigeuza akamtafuta kulia, akamtafuta kushoto, hakumwona.

Lakini upande wa migomba walikuwa wameketi akina mama wa Suma, waliokuja kumshangilia mtoto wao. Wale walielewa. Walimtazama Atuganile, wakaitazama kanzu, wakatazamana wao kwa wao. Bibi mmoja akaweka kikapu chini taratibu.

"Mwe," akasema. "Kumbe ameolewa."

Vigelegele vikapasuka. Na mpira haujafungwa hata!

Mbeya walichukua mpira, wakaenda nao mbio, wakafunga. Ishirini kwa kumi na tisa. Robo ya tatu ikaishia hapo.

"Unaumwa?" Mwalimu Ezron, kocha, alikuwa ameshamfikia na chupa ya maji. "Tumbo? Kizunguzungu?"

"Hapana, Mwalimu. Niko..."

Alitaka kusema salama. Neno likafika kooni, likaona limefanana mno na jina la mtu fulani, likarudi lilikotoka.

"Niko mzima," akasema.

Sekela alimvuta pembeni. Sekela ndiye mfungaji mwenzake, mfupi, mdomo hauna breki.

"We Mama Mkuu. Miaka miwili tunakula ugali mmoja, unaniambia yule mvulana ni kelele tu. Leo unajificha usimwone baba yake mbele ya umati wote wa Suma?"

"Sijajificha."

"Ulikuwa unafanya nini mle ndani ya jezi?"

"Jua lilinipiga."

Sekela akaangalia juu. Mawingu ya Rungwe yalikuwa yametanda toka asubuhi kama blanketi la bweni.

"Sawa," akasema. "Pole na jua."

Hawakumaliza, maana mama yake Atuganile alikuwa anakata uwanja, kanga imefungwa kiunoni, chupa ya chai mkononi. Ndani ya chupa ile hakukuwa na chai. Kulikuwa na maziwa ya moto.

"Kunywa," mama akasema. "Ya yule mwekundu. Nimekamua asubuhi kwa ajili yako."

Atuganile akanywa. Mama akangoja amalize, maana mama huyu hagombani na mtu mwenye njaa. Halafu akapokea kifuniko, akakifunga vizuri.

"Yule mzee wa kanzu ni nani wako?"

"Hakuna kitu, mama."

"Watu hawajifichi kwa sababu ya hakuna kitu. Wenzangu pale wananiuliza harusi ilikuwa lini, mbona hawakualikwa. Nimekosa la kuwajibu. Mimi ni mama yako, habari zako naambiwa na vigelegele?"

Atuganile akatazama vidole vyake vya miguu.

"Sikia," mama akasema, sauti ikashuka. "Mimi sikufungi kamba. Lakini baba yako hajui, mimi sijui, na huyo kijana ni wa dini nyingine na ukoo wa mbali. Sasa, rudi uwanjani. Ukipata mpira, simama wima, mtazame yule mzee usoni, ndipo ufunge. Ukimtazama, hakuna mkwe hapa. Nitawaambia wenzangu lilikuwa jua."

"Na nisipomtazama?"

"Usipomtazama, utakuwa umesema mwenyewe, mbele ya watu wote. Na utaenda kumwambia baba yako kwa mdomo wako. Mimi simo."

Akaondoka na chupa yake.

Basi mnaona mtego. Akimtazama, amemkataa Hasheem hadharani. Asipomtazama, anafungaje? Na bila ushindi hakuna safari ya Morogoro, hakuna mashindano ya taifa, na ukungu wote ule alioamkia unakuwa bure.

"Binti."

Sauti ilitoka kwenye kiti. Ni kiti kimoja tu cha kuegemea kilichokuwepo upande ule, na juu yake alikuwa ameketi Mzee Ambindwile wa Matwebe, koti kubwa la mvua, bakora katikati ya magoti, rafiki wa baba yake wa siku nyingi. Amekaa pale tangu mechi ianze.

"Ugonile, mzee," Atuganile akamwamkia, akamwendea, akamtazama vizuri usoni, akampa mkono.

Mzee aliushika ule mkono kidogo zaidi ya ilivyo kawaida. Akamtazama kama anangoja kitu. Alipoona hakiji, akauachia.

"Umekua," akasema. "Haya. Nenda kacheze."

Atuganile hakulifikiria mara mbili. Alikuwa na mzee mmoja tayari kichwani, wa pili angemweka wapi?

Na hapo ndipo Hasheem akatokea, amekimbia mpaka mstari wa pasi umepotea.

"Baba anaondoka."

"Anaondoka kwenda wapi?"

"Dukani. Amekasirika, Atu. Anasema amefunga biashara siku ya gulio aje kuona mchumba, mchumba akamwona yeye na kujifunika kama ameona jini. Anauliza ana nini usoni. Ameniomba kioo."

Atuganile akauma mdomo. Hapana, siyo hasira. Alikuwa anauzuia usicheke.

"Hakujua?" akauliza.

"Baba ametoka Kilwa na cherehani yake, akashona, ruksa ya kuuza mitumba ilipokuja akaanza kufungua marobota. Anajua bei ya kila shati Tukuyu nzima. Mila za huku amejua moja tu, kwamba ndizi haikataliwi." Akasogea karibu. "Lakini mimi nimezaliwa hapa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo umejificha."

"Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu."

Hasheem akainamisha macho mpaka chini. Akayainua.

"Uko pekupeku."

Atuganile alitazama miguu yake yenye matope, akatafuta uongo mwingine, hakuupata.

"Haya," Hasheem akasema, na sasa meno yote yalikuwa nje. "Tufanye mimi ndiye niliyekosea. Nitajie jina la baba. Jina jepesi tu, hata mtoto wa chekechea analiweza. Ukilitaja, naondoka naye, na sikuulizi tena."

Atuganile akafungua mdomo.

Akaufunga.

Akafungua tena. Koo likakataa kabisa, kama mlango wa bweni baada ya kengele.

"Mimi," akasema polepole, "nilisema nitakujibu baada ya fainali."

"Ndiyo, Mama Mkuu."

"Fainali haijaisha."

"Haijaisha, Mama Mkuu."

"Mwambie... mwambie mzee asiondoke. Mwambie siyo dharau. Asogee tu. Asinikalie nyuma ya goli."

Hasheem aliondoka anaruka kama ndama aliyefunguliwa. Na Atuganile, kwa mara ya kwanza katika riwaya hii nzima, alicheka. Kilitoka kicheko kimoja kifupi, puani. Sekela alikisikia na akadondosha chungwa.

Robo ya mwisho. Timu zikabadilishana upande, kama sheria inavyotaka. Atuganile alipoona sasa anashambulia goli la upande wa pili, mbali kabisa na ile kanzu, akavuta pumzi ndefu. Yameisha, akajiambia. Nitafunga huku, mzee atakaa kule, mama atakosa la kusema.

Lakini hamjamjua Mzee Salimu.

Hasheem alimweleza vizuri sana. Alimweleza kwamba msichana amejificha kwa heshima, kwamba huku mkwe anaheshimiwa hivyo, tena ni dalili njema, baba, dalili njema sana. Sehemu ya kusogea hakuimaliza, maana mzee alishaanza kulia machozi.

"Kumbe heshima," mzee alisema. "Na mimi nikamnunia mtoto wa watu. Kiko wapi kigoda? Mtu anakuheshimu hivyo, wewe unakaa mbali? Lazima nikae pale karibu, anione nipo naye."

Na Atuganile alipogeuka kudaka pasi ya kwanza, aliiona kanzu ikizunguka uwanja mzima, kigoda kichwani, kofia imekaa upande, inakuja. Ikapita mbele ya viongozi. Ikapita mbele ya akina mama wa Suma, ambao walijifunika midomo kwa kanga. Ikaweka kigoda nyuma ya goli, katikati kabisa, ikaketi, ikapunga mkono.

"Mwanangu," Mzee Salimu akasema kwa upole, "mimi nipo."

Atuganile akatoa pasi bila kuangalia. Bahati ikaenda kwa Sekela, Sekela akafunga.

Robo nzima ikawa hivyo. Mpira ukimfikia, anautema kama kaa la moto. Anakimbia kinyumenyume, anakimbia kiubavuubavu, anajificha nyuma ya beki anayetakiwa kumkaba yeye, mpaka beki yule akamwambia mwamuzi kwamba huyu dada ana kitu. Sekela alibeba timu peke yake, anafunga, anahema, anatukana kwa heshima. Mbeya wakifunga, Sekela anarudisha. Mbeya wakifunga, Sekela anarudisha.

Ishirini na tano kwa ishirini na tano. Mwamuzi akatazama saa yake.

Pasi ikaja kwa Sekela. Mabeki wawili wakamwangukia. Aliyumba, akaona hana njia, akaurusha mpira kwa mtu pekee aliyekuwa wazi duniani.

"Atu," akasema kutoka chini ya mabeki, "niue leo au unifurahishe."

Atuganile akadaka.

Sekunde tatu. Kulia, mstarini, mama yake amekunja mikono, macho hayapepesi. Kushoto Hasheem, kimya. Kimya, nawaambia, yule Hasheem, mikono kichwani, jezi ya golikipa imelowa jasho kama yeye ndiye aliyecheza. Na mbele, kama angeinua uso tu kidogo, ringi, na chini ya ringi, kofia na ndevu na tabasamu la mzee.

Angeweza kuinua uso. Ni shingo tu. Akiinua, anafunga, anakwenda Morogoro, na akina mama wanarudi Suma wakisema lilikuwa jua.

Akaona jinsi Hasheem atakavyotania tena kesho, na keshokutwa, na kwamba utani ule utakuwa mwembamba, hauna kitu ndani. Na jinsi yeye atakavyofunga magoli yote bila kukosa hata moja, maana hatakuwepo mtu pembeni ya kumfanya akose.

Akaona hapana.

Akageuka. Aliupa mgongo mlingoti, akaupa mgongo mkwe wake, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Akafumba macho. Ghafla ikawa alfajiri, ukungu umelala chini, hakuna ringi, hakuna watu, kuna baridi tu na uzito wa mpira na mahali ambapo mikono yake imekwenda mara nyingi mpaka inapajua kuliko macho.

Akaurusha nyuma, juu ya kichwa chake.

Hakugeuka kutazama. Alisikiliza.

Kuna watu wanaapa mpaka leo kwamba mpira ulizunguka ringi mara mbili. Wengine wanasema uliingia moja kwa moja. Yeye aliyekuwa amefumba macho ndiye aliyejua wa kwanza, kwa sababu nyavu zililia. Kidogo tu, kama mtu anayesema ndiyo kwa sauti ya chini.

Filimbi ndefu. Imeisha. Isyeto ishirini na sita, na Morogoro hiyo!

Sasa mimi nielezee lipi? Mapipa yaliyoanguka? Mwalimu Ezron aliyembeba mwamuzi badala ya mchezaji? Sekela aliyekuwa anambusu beki wa Mbeya? Hasheem alikimbia, akafika mbele ya Atuganile, akasimama, na hakuwa na neno. Kisima kimekauka.

"Fainali imeisha," Atuganile akamwambia.

"Imeisha," Hasheem akasema.

"Umesikia jibu?"

"Nimesikia. Lakini rudia kidogo, nyuma palikuwa na kelele."

Na Atuganile akacheka, siyo puani safari hii. Alicheka mpaka akashika magoti, mpaka wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakasogea kutazama, kwa sababu walikuwa wanaambiwa tu kwamba hacheki.

Mama yake alikuja polepole. Alitaka kununa. Uso ulikuwa umeshapangwa tayari kwa kununa, lakini wenzake wa Suma walikuwa wamemzunguka wanamsukuma mabegani wakimwita mama mkwe, na kona moja ya mdomo ikamsaliti.

"Kichwa cha baba yake," mama akasema. "Mgongo nao umejifunza kuongea. Utakwenda kumwambia mwenyewe, umesikia? Leo hii."

"Nimesikia, mama."

"Na huyu naye," akamtazama Hasheem juu mpaka chini, "anakula nini, mbona mwembamba?"

Hapo mambo yangekuwa yamekwisha vizuri na tungekwenda zetu kunywa chai. Lakini Mzee Salimu alikuwa ameinuka kwenye kigoda. Furaha imemjaa, machozi yanamtoka, amesahau yote aliyoelezwa na mwanawe, kama aliyasikia. Mkono ameutanguliza.

"Mwanangu," akasema, "njoo nikupe mkono."

Atuganile akaona kanzu inakuja, akakimbia.

"Mwanangu, usiogope, mimi baba yako sasa."

Akakimbia zaidi. Mzee naye akakunja kanzu mpaka magotini, akaongeza mwendo. Walikata uwanja mara ya kwanza, wakakata mara ya pili, mfungaji wa kanda mbele amejifunika jezi kichwani, nyuma yake mfanyabiashara maarufu wa soko la Tukuyu na mkono wa pongezi, nyuma yao Hasheem akisema baba, baba, simama, siyo hivyo. Akina mama wa Suma walikaa chini kwa kucheka. Bibi wa kikapu alilala kabisa.

"Mwambieni huyo mzee," mama yake Atuganile akasema akijifuta macho, "kwetu mkwe hakimbizwi. Kwa mbio hizo tutamtoza kitu."

Mzee Salimu akakamatwa na mwanawe karibu na mlingoti, akakalishwa, akaelezwa upya, safari hii mpaka mwisho. Akashika kofia. Akaomba radhi kwa kila mtu aliyekuwa karibu, hata kwa beki wa Mbeya. Halafu kwa hiari yake akageuza kigoda, akautazama mlima wa Rungwe, mgongo kwa watu.

"Hivi ni sawa?" akauliza.

"Hivi ni sawa, baba."

Wakamshangilia. Atuganile akachomoza jicho moja kutoka kwenye jezi, nyuma ya bega la Hasheem, na kwa dakika ile hapakuwa na msichana mwenye furaha kama yeye kuanzia Suma mpaka Mbeya mjini.

Ndipo bakora ikagonga ardhi.

Haikugonga kwa nguvu. Lakini iligonga kama bakora ya mtu aliyezoea kusikilizwa, na upande ule wa kiti cha kuegemea watu wakaanza kugeuka, mmoja baada ya mwingine. Mzee Ambindwile wa Matwebe alikuwa amesimama. Koti la mvua limefungwa vifungo vyote.

"Nimekaa hapa tangu mchana," akasema, "natazama miguu ya huyu binti. Amecheza mbele yangu. Amekuja kuniamkia, akanitazama machoni, akanipa mkono. Nikajiambia, basi, mtoto wa shule, labda hajui mambo haya." Akageuka, akaitazama ile kanzu iliyoutazama mlima. "Sasa naona anayajua sana. Ila anayajua kwa mzee mwingine."

"Mzee Ambindwile," mama yake Atuganile akasema, tabasamu bado halijamwisha usoni, "unasema nini?"

"Kwani baba yake hakukwambia?"

"Hakuniambia nini?"

"Yule ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Mwekundu," mzee akasema. "Niliyempeleka kwenu kabla ya mvua. Unayemkamua."

Tabasamu la mama likaondoka. Mume wake alimwambia yule ng'ombe ni wa rafiki, amewekwa tu wamtunzie. Mama akaitazama chupa ya chai aliyoishika, akaiweka chini kwenye nyasi, mbali kidogo na miguu yake.

Mdomoni mwa Atuganile bado mlikuwa na ladha ya maziwa.

"Mwanangu Fred, niliyemposea, yuko Dar, anarudi Krismasi," Mzee Ambindwile akaendelea, kwa utulivu, kama anayesoma tangazo kanisani. "Sitaki ugomvi na mtu. Nataka kujua jambo moja tu, mkwe wake ni yupi kati yetu, na hata mdomo wake siuhitaji. Tumeona leo mwili wake hauwezi kudanganya."

Hasheem akanyoosha mkono nyuma kumshika. Hakumpata, kwa sababu Atuganile alikuwa ametoka nyuma ya bega lake, amesimama peke yake, jezi imeshuka, uso wazi.

Mzee Ambindwile akapiga hatua moja kumwelekea. Kisha ya pili.

Na uwanja mzima wa Isyeto, wanafunzi, walimu, akina mama wa Suma, mpaka Mzee Salimu aliyesahau mlima na kugeuka kwenye kigoda chake, wakayakodolea macho magoti ya Atuganile.